Katuni si za Watoto Peke Yao

Iko kauli isemwayo mno huku kwetu Michenzani: "Hiyo ni katuni tu, waachieni watoto." Kwa kauli hiyo mzazi humketisha mwanawe siku ya Idd mbele ya picha yoyote ya kuchorwa, naye akaenda zake jikoni kwa amani. Sisi twasema kauli hii ni kosa, nalo lina hasara mbili.

Hasara ya kwanza ni ya mtoto. Wako wachoraji wanaowachorea watu wazima. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani, Trey Parker na Matt Stone, wangali wanafunzi, walikata karatasi za rangi wakatengeneza filamu fupi ya Krismasi ambamo sanamu la theluji lapata uhai na kuua. Mwaka 1995 wakatengeneza ya pili, ikapita mkono kwa mkono katika kanda, na kutokana nayo ukazaliwa mwaka 1997 mchezo wa televisheni uitwao South Park. Humo Nabii Isa amefanyiwa mzaha, jambo tusilolikubali hata kidogo. Basi mzazi na aangalie kwanza filamu ni ya nani, ndipo amwachie mtoto.

Hasara ya pili ni yetu sote, nayo ni kubwa zaidi. Adhaniye kuwa katuni ni upuuzi wa watoto hatompa kijana wake kalamu. Wale wawili walianza na karatasi na mkasi, si na mamilioni. Julai 2023 kampuni ya Disney ilitoa filamu fupi kumi za kuchorwa za Waafrika, ikaziita Kizazi Moto. Jina ni Kiswahili kitupu. Watengenezaji walitoka Zimbabwe, Uganda, Afrika ya Kusini, Nigeria, Kenya na Misri. Tanzania haimo! Lugha yetu imealikwa harusini, wenyewe tumebaki nje ya ua. Mmoja wao, Ng'endo Mukii wa Kenya, mwaka 2012 alikuwa amekwisha kutoa Yellow Fever, filamu chungu juu ya wanawake wanaojichubua ngozi. Hiyo si ya kumbembelezea mtoto.

Je, sisi hatuna la kusimulia? Tarehe 10 Septemba 2011, siku chache tu baada ya Idd el-Fitri, meli ya Spice Islander, iliyopakia watu kupita kiasi, ilizama ikielekea Pemba. Mamia ya ndugu zetu walikufa. Kamera haiwezi kuurejea usiku ule, wala si adabu kuonyesha maiti za watu. Lakini mkono wa mchoraji waweza kutuonyesha kiatu kipya cha Idd juu ya maji, na kutuuliza sisi wakubwa: nani aliyeruhusu meli ile ing'oe nanga?

Kwa hivyo twataka mambo matatu. Skuli zifundishe uchoraji kama kazi, si kama mapumziko. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, litenge usiku mmoja wa katuni za watu wazima za vijana wa Unguja na Pemba. Na kila filamu itangazwe wazi: hii ya watoto, hii ya wakubwa.

Nguo ya kuazima haisitiri. Vijana, shikeni kalamu!