Kizuri Hakijiuzi

Ipo methali moja ambayo sisi wasomi tunaitumia kama mvivu atumiavyo mto: twaiweka chini ya kichwa, kisha twalala. Methali yenyewe ni hii: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akitaja msanii asiyejulikana, akaomba asikilizwe, hujibiwa upesi kwamba kazi yake ikiwa njema itajitangaza yenyewe. Na ikiwa haijajitangaza, basi si njema. Hukumu hiyo ni fupi, nayo humpa hakimu raha ya kutosikiliza shauri. Mimi nasema ni hukumu ya uongo. Tena sitaipinga kwa maneno ya jumla, maana maneno ya jumla hayamlishi mtu. Nitaipinga kwa jina la mtu mmoja: Sisso, mtengenezaji wa muziki wa singeli, aliyejijengea jina katika studio yake mtaani Mburahati, Dar es Salaam.

Nakiri kwanza kosa langu. Miaka mingi niliisikia singeli kama mtu asikiavyo mvua juu ya bati: nilijua kuwa inanyesha, sikujua inasema nini. Ilipopigwa katika harusi ya jirani nilifunga dirisha. Sikumwuliza mtu yeyote ni nani aliyeitunga wala imetungwaje. Nilikuwa na shahada, na shahada ilinitosha kuwa sababu ya kutouliza. Kwa hiyo nikisema kwamba wasomi wamekosa, msomaji asidhani nimejitoa katika hesabu.

Singeli ni muziki wa kielektroniki. Sisemi hivyo kwa kuupamba, bali kwa kueleza unavyofanywa. Kiini chake hutengenezwa ndani ya kompyuta. Kipande kifupi cha sauti huchukuliwa, pengine cha kinanda, pengine cha taarabu. Hukatwa, hurudiwarudiwa, na kuharakishwa mpaka mapigo yafike 200 kwa dakika, na mara nyingine yakaribie 300. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Basi na apime mwenyewe umbali uliopo kati ya moyo huo na ngoma hii. Juu ya mwendo huo mghani humimina maneno ya Kiswahili bila kupumzika, na asiyekuwa na pumzi wala akiba ya maneno huachwa nyuma kama abiria aliyekosa gari. Wala muziki huu haukushuka kutoka mawinguni. Kabla yake ulikuwapo mchiriku, uliopigwa katika mitaa hiyo hiyo ya Dar es Salaam kwa ngoma na kinanda kidogo cha umeme. Singeli ni mtoto wa nyumba, ingawa wazee wa nyumba wanamkana.

Sasa natazame msomaji jinsi kazi ya Sisso ilivyojulikana nje ya mtaa wake. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya muziki ya Kampala, Uganda, iitwayo Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyo wa kazi za studio yake kwa jina la Sounds of Sisso. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana. Mwaka 2019 ikatoka Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na mwaka huo huo Mateso ya Sisso mwenyewe. Mwaka 2024 yeye na mwenziwe Maiko wakatoa Singeli ya Maajabu. Kupitia Kampala wapenzi wa muziki wa kielektroniki wa Ulaya walijifunza kutamka neno singeli kabla halijatamkwa hata mara moja katika vyumba vingi vya mihadhara yetu.

Naiuliza methali: ni kipi kilichojiuza hapa? Muziki uliotoka mwaka 2017 haukuzaliwa siku ulipotoka. Ulikuwapo mtaani, na uzuri wake ulikuwapo vile vile. Kilichozidi si uzuri. Kilichozidi ni mtu. Mtu aliutafuta, akausikiliza, akauchagua, akaandika majina ya wenyewe, akautia katika umbo linaloweza kusafiri, kisha akawaambia wengine, "Sikilizeni." Hiyo ni kazi, nayo yaitwa kutangaza. Kizuri hakina miguu. Kikionekana kimefika mbali, basi yuko aliyekibeba.

Zipo hoja za kujibu, nami sitazikwepa.

Wa kwanza husema: huu si muziki, ni kelele ya mashine. Kwao kupiga udi ni sanaa kwa sababu vidole vinaonekana, na kukata sauti katika kompyuta si sanaa kwa sababu vidole havionekani. Nawajibu kwamba kalamu haiandiki utenzi, wala jembe halilimi. Kompyuta haijui ni kipande gani cha taarabu kinastahili kukatwa, wala mahali gani pafaa kunyamaza. Ajuaye ni aliyeketi mbele yake. Na wanaodhani kwamba sanaa hii ni vazi la Ulaya tulilojivika bila kupima, wakumbuke kwamba mwaka 1944, mjini Kairo, Halim El-Dabh, Mwafrika wa Misri, alitumia mashine ya kunasa sauti kwa waya, akanasa sauti za sherehe ya zari, kisha akazigeuza kuwa muziki mpya. Pierre Schaeffer, anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa sanaa ya namna hiyo, alitoa kazi zake za kwanza mjini Paris mwaka 1948. Mwafrika alitangulia kwa miaka minne. Mbona basi anatajwa mara chache? Kwa sababu ile ile ninayoilalamikia: kizuri chake hakikupata mchukuzi mapema.

Wa pili husema: singeli ni muziki wa matusi na wa mikesha ya kihuni. Sikatai kwamba zimo nyimbo chafu. Zimo pia tungo chafu katika mashairi, nasi hatukuchoma divani zetu kwa sababu hiyo, tulichambua, tukatenga. Asiyesikiliza hana namna ya kutenga. Huhukumu gunia zima kwa harufu ya embe moja, kisha hujiita mlinzi wa maadili.

Wa tatu ndio wajanja zaidi. Husema: mtu huyu amekwisha kusifiwa ng'ambo, anatutakia nini sisi? Hoja hii ni ya aibu kuliko zote, kwa kuwa inageuza uvivu wetu kuwa heshima. Msikilizaji wa Ulaya huisikia singeli kama mwendo na mshindo. Anacheza, anashangilia, na ana haki ya kufanya hivyo. Lakini maneno ya mghani yanampita. Hajui wapi pana fumbo, wapi pana kejeli, wapi mghani amejaza nafasi kwa kukosa la kusema. Nani atakayeyapima hayo isipokuwa wenye lugha? Sifa ya ng'ambo ni nusu ya hukumu. Nusu ya pili iko mikononi mwetu, nasi tumeikalia.

Tena msanii wa namna hii ni msanii anayejitegemea. Neno hilo tunalijua. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumelihubiri shuleni, mashambani na majukwaani. Basi inakuwaje kijana anapojitafutia kompyuta, akajifunza programu bila mwalimu, akajenga studio ndani ya chumba, akawafundisha wenziwe, sisi tuliohubiri kujitegemea ndio tunaompa kisogo? Asiye na kampuni kubwa nyuma yake hana bwana wa kumwamuru, na huo ni uhuru. Walakini hana pia msemaji wa kumsemea, na hiyo ni hatari. Kazi zake hukaa katika diski na simu. Diski ikiharibika, na nakala isiwepo, kazi ya miaka hupotea kwa saa moja, wala hakuna maktaba iliyoandika hata jina lake.

Wala jambo hili si jipya kwetu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu wanyonge. Alitembeza vyungu vya mamaye akiviuza kwa sauti. Yaani, kwa kipimo cha methali yetu, alikuwa ni mwenye kujitembeza. Walikuwapo waliomcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, sauti yake ikanaswa katika santuri, na santuri hizo zikarudi pwani zikiimba taarabu kwa Kiswahili. Mashine ya ugeni ilibeba sauti ya mwenyeji, wala haikuipunguzia uenyeji wake. Alifariki mwaka 1950. Lakini angalieni aliyehakikisha kwamba hatusahau: Shaaban Robert, fundi mkubwa wa nathari yetu, aliyetumia kalamu yake kuandika wasifu wa mwimbaji huyo. Hakusema kwamba nyimbo za mwuza vyungu ni duni kwa kalamu yake. Hakungoja kizuri kijiuze. Alikibeba. Na leo hakuna mwanafunzi wa fasihi anayethubutu kusema kwamba kwa kufanya hivyo alijishusha.

Ikiwa tunamheshimu mwandishi huyo kwa midomo, na tumheshimu pia kwa vitendo. Natoa mambo matatu, yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni jina. Kila wimbo wa singeli una mghani anayeonekana na mtengenezaji asiyeonekana. Mtafiti anapoandika, mwanafunzi anapotoa tasnifu, mtangazaji anapopiga wimbo, amtaje na huyo wa pili. Kazi isiyo na jina ni kama yatima: kila mtu aweza kuidai, wala hakuna anayeilea.

La pili ni hukumu. Kutangaza si kusifu. Nasema hivi kwa sababu wapo watakaodhani kwamba ninaomba sadaka. La! Katika kazi za singeli zimo zile ambazo kasi yake inaficha umaskini wa wazo, na zimo ambazo kipande kimoja kimerudiwa mpaka kimekufa. Na zisemwe hivyo. Jarida kama hili lichambue Mateso kwa makini yale yale linayoyatumia kuchambua diwani: nini kimechaguliwa, nini kimeachwa, wapi mwendo umemsaidia mghani na wapi umemzamisha. Msanii anayehukumiwa kwa haki amepewa heshima kubwa kuliko anayepigiwa makofi na wasiosikiliza.

La tatu ni malipo. Tukimwalika msanii katika sherehe ya chuo, na alipwe kama tunavyomlipa mwenye hema na mwenye viti. Tukitaka kazi yake, na tuinunue badala ya kuinakili kutoka simu hadi simu. Ni ajabu kwamba mtu anayeona haya kuondoka hotelini bila kulipia chai haoni haya kuondoka na muziki wa mtu bila kulipa hata senti.

Nimekwisha kusema kwamba nilifunga dirisha. Siku moja nililifungua, nikasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha nikaurudia. Chini ya mbio zile nilitambua kipande cha kinanda nilichokuwa nikikisikia utotoni, kimekatwa, kimekimbizwa, nacho bado ki hai. Sikuwa nimesikia kelele. Nilikuwa nimesikia ukoo wangu ukipita mbio. Iliniuma kwamba wageni waliufungulia mlango kabla yangu.

Ipo methali nyingine, na hiyo ndiyo ningependa tuilalie: mcheza kwao hutunzwa. Haisemi kwamba hujitunza. Inasema hutunzwa, yaani wapo watu wa kwao, wamesimama, wanatazama, na mikono yao haiko mifukoni. Sisso amecheza. Kwao ni hapa. Waliosalia ni watunzaji.