Anayeajiri wengine, yeye nani amempima?

Kwa sheria ya nchi yetu, daktari hawezi kutibu watu bila kuandikwa kwenye Baraza la Madaktari. Wakili hasimami mahakamani kabla ya kula kiapo na jina lake kuingia kwenye orodha. Wahasibu wakubwa nao wana baraza lao kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini yule tunayemwita RH, anayeandika mkataba, anayehesabu mshahara na kutayarisha barua ya kumfukuza baba wa watoto sita, hadaiwi cheti chochote cha taaluma yake.

Wengi wanafanya kazi hiyo kwa haki, na wako waliosomea. Lakini toka Bunia hadi Kolwezi tunawajua pia waliowekwa pale kwa sababu ni shemeji wa mkubwa, au kwa sababu walijua kutumia kompyuta. Wasipojua kazi, anayelipa ni mfanyakazi.

Tutazame Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Inasema kibarua wa siku kwa siku akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ni vibarua wangapi wa depo na wa barabara wanaorudishwa kila mwezi kana kwamba wamefika jana? Sheria hiyo inasema tena kwamba mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo atoe taarifa ya siku 14 za kazi kwa uchache, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyetumika miaka 10, na hakufanya kosa zito, anastahili siku 84. Wangapi wameambiwa Ijumaa jioni kwamba Jumatatu wasirudi?

Kenya ilitunga sheria ya taaluma hii mwaka 2012. Huko kuna mitihani, daftari la majina, cheti cha kufanyia kazi na kamati ya nidhamu. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo linataka nchi zitambuliane vyeti vya taaluma. Mkenya atakuja na cheti chake. Kijana wetu wa Bukavu au Lubumbashi atakwenda na nini?

Tunajua jibu la wengi: hiyo itakuwa bariere nyingine ya kukamulia watu pesa. Hofu hiyo ina msingi. Kijana anayemaliza masomo tayari anakuta matangazo ya kazi yanayodai uzoefu wa miaka mitano, naye hajapewa hata mwezi mmoja wa kujaribu. Ndiyo maana masharti ya kuingia lazima yawe machache na ya wazi.

Kwanza, mtihani juu ya Sheria ya Kazi, hesabu ya mshahara na michango ya CNSS, ufanyike katika kila jimbo, si Kinshasa peke yake. Pili, miezi kadhaa ya mazoezi yenye malipo, chini ya mtu aliyekwisha kuandikwa. Tatu, kiapo cha kutunza siri za wafanyakazi, na kutodai pesa wala mwili wa mtu ili apate kazi. Ada iwe moja, itangazwe, ilipwe benki kwa risiti. Na wale wanaofanya kazi hiyo tangu zamani bila diploma wapewe muda wa kufanya mtihani huohuo, wasitupwe nje.

Sharti kubwa zaidi linakuja baada ya kuandikwa. Mfanyakazi yeyote aweze kupeleka malalamiko, na jina la mkosaji lifutwe. Daftari lisilofuta jina ni biashara ya vyeti tu. Nao wakaguzi wa kazi waendelee na jukumu lao, maana mwajiri mwenyewe anabaki na lawama yake.

Wizara ya Kazi na wabunge wanaweza kuanza na mswada mfupi. Tunaowachagua watuambie wanasubiri nini. Mtu anayeshika mkate wa familia mia moja asiwe wa mwisho kupimwa.