Mwaminifu Hakusafiri

Nasema waziwazi tangu mwanzo, ili asiyependa ugomvi afunue ukurasa mwingine mapema: wengi wetu tunaotengeneza michezo ya kusikiliza ya Kikristo kwa ajili ya watoto tunawadanganya watoto. Hatuwadanganyi kwa nia mbaya. Tunawadanganya kwa upole, kwa sauti laini yenye kinanda nyuma yake, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuung'oa.

Hadithi iliyonifanya nishike kalamu ni ile ya John Bunyan, ambayo kwa Kiswahili tunaijua kwa jina la Safari ya Msafiri. Bunyan hakuwa msomi. Alikuwa fundi wa kuziba sufuria, mtu wa Bedford huko Uingereza, aliyefungwa gerezani kuanzia mwaka 1660 hadi 1672 kwa sababu alihubiri bila ruhusa ya wakubwa na akakataa kuahidi kwamba ataacha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1678. Mwaka 1684 akatoa sehemu ya pili, ambamo mke wa msafiri na wanawe wanne wanaifuata njia ile ile aliyopita baba yao. Kitabu hicho kimetafsiriwa katika lugha zipatazo 200 duniani, na karibu 80 kati ya hizo ni za Afrika. Kazi ya namna hii haihitaji kuonewa huruma na mtu yeyote wa mitambo ya kurekodia.

Sasa msomaji anifuate mpaka Bendera. Kwetu ni tambarare, chini ya milima ya Upare Kusini, katika barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, Ndungu na Kihurio kwenda Mkomazi. Nyuma yetu kuna mlima, mbele yetu kuna nyika. Zamani watoto wa huku walikusanyika penye redio moja ya betri kusikiliza kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania. Siku hizi wanakusanyika penye simu moja yenye kadi ya kumbukumbu, imetumbukizwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Hapo utamkuta mtoto wa Msabato, wa Mlutheri na wa Mwislamu, wote wamekaa chini. Sauti haiulizi mtu dini yake mlangoni. Ndiyo maana nasema jambo hili si dogo: mchezo mmoja uliorekodiwa vizuri unafika mahali ambapo mwalimu wa shule ya Jumapili hawezi kukanyaga.

Basi kikundi kimoja, ambacho sitakitaja kwa jina, kilitujia na andiko la mchezo wa Safari ya Msafiri kwa ajili ya watoto, kikaomba watoto ninaowafundisha watoe sauti. Nilifurahi, nikalisoma usiku huo huo. Nilipomaliza sikuwa na furaha tena.

Mzigo mzito anaoubeba msafiri mgongoni ulikuwa umegeuzwa kuwa begi la shule lililojaa vitu visivyohitajika. Lile jitu ambalo watoto wangu nimezoea kuwatajia kwa jina la Kata-Tamaa lilikuwa limekuwa mzee mkali mwenye bustani, anayelainika mara tu anapoamkiwa kwa adabu. Na Mwaminifu, rafiki wa msafiri, ambaye Bunyan anatuambia alihukumiwa katika Soko la Ubatili, akapigwa, kisha akachomwa moto, yeye hakufa kabisa. Msimulizi alisema tu kwamba Mwaminifu alisafiri kwenda mji mwingine.

Mahali pa yote yaliyotolewa pakajazwa mawaidha. Katika sehemu ya kwanza peke yake nilihesabu mara saba ambapo msimulizi anakatiza mambo na kuuliza: "Haya watoto, tunajifunza nini hapa?"

Tulifanya jaribio la kwanza la kusoma chini ya mwembe. Tulipofika pale Mwaminifu aliposafiri, binti mmoja wa darasa la tatu aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, atarudi lini?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua habari za nyumbani kwao. Baba yake alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na wakubwa walimwambia kwamba baba amesafiri. Mtoto yule alikuwa akilisubiri basi ambalo halitafika, na sasa sisi watu wa kanisa tulikuwa tunakuja na mchezo wetu kumwongezea msafiri wa pili wa kumsubiri.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu, wala sitaurudisha nyuma. Neno "amesafiri" tumelitumia mno kuwafunga watoto macho. Hadithi ya Bunyan ina nguvu ya kulirudishia neno hilo maana yake, kwa sababu ndani yake safari ni safari na kifo ni kifo, na baada ya Mwaminifu kuchomwa moto msomaji anaona amepokelewa kwa gari la farasi na kupandishwa juu. Ukimwondolea mtoto ule moto, umemwondolea na lile gari. Amebaki na nini? Amebaki na mtu aliyeondoka bila kuaga.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa. La kwanza ni kwamba watoto wataogopa. Naam, wataogopa. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba watoto wa Bendera hawajui hofu mpaka waletewe na redio? Hawa ni watoto wanaoishi jirani na hifadhi ya Mkomazi, ambao wakubwa wao hukesha shambani kwa ajili ya wanyama. Ni watoto waliobebwa mgongoni kwenda msibani kabla hawajajua kutembea. Bibi zao waliwasimulia habari za zimwi linalomeza watu kijiji kizima, na walipomaliza kusikia waliomba wasimuliwe tena. Hofu anayo mtoto tayari; asichokuwa nacho ni hadithi ya kumwonyesha jinsi mtu anavyopita katikati yake akatokea upande wa pili. Zimwi lililogeuzwa kuwa mzee mpole halimfundishi mtu kushinda chochote.

La pili ni kwamba watoto hawataelewa bila kuelezwa. Hoja hii ni ya zamani, na kuna mahali ilikwishajibiwa. Mwaka 1940 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilimwomba Dorothy L. Sayers, mwandishi aliyejulikana kwa hadithi za upelelezi, aandike michezo ya redio kuhusu maisha ya Yesu kwa ajili ya kipindi cha watoto. Watu wa kipindi walipoanza kumrekebisha wakidai kwamba baadhi ya mambo yangewapita watoto kimo, mama yule alikataa katakata, akauchana mkataba. Kazi ikahamishiwa kwa mtayarishaji mwingine, Val Gielgud, na michezo yote 12 ikatangazwa kuanzia Desemba 1941 hadi Oktoba 1942. Wapo waliopiga kelele hata kabla mchezo wa kwanza haujasikika, kwa sababu sauti ya mwanadamu ingeigiza sauti ya Kristo, na kwa sababu mitume walizungumza kama watu wa mtaani. Michezo ikaendelea, na msalaba haukuondolewa. Kumbuka kwamba nchi ile ilikuwa vitani, na wengi wa watoto waliosikiliza walikuwa wameshasikia mabomu. Hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba duniani kila mzee mkali hulainika akiamkiwa.

Atakayesema huo ni mfano wa Wazungu, basi turudi nyumbani. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliotungwa ili kufundisha watu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Dereva wa lori aliyeitwa Mkwaju alikuwa mlevi na mwenye wanawake njia nzima. Watunzi hawakumfanya Mkwaju mtu mwema katika kipindi cha pili. Walimwacha aende na tabia yake mpaka imfikishe ilikomfikisha, na watu wazima kwa watoto wakalijua jina lake. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuutangaza mchezo huo, ili watafiti walinganishe. Wakakuta kwamba mahali uliposikika watu walizidi kujiunga na uzazi wa mpango. Mchezo ulifundisha kwa sababu uliruhusu jambo baya liwe baya. Kama serikali na wataalamu wa afya walilijua hilo, kanisa linashindwaje, lenye Kitabu kilichojaa Kaini, Yezebeli na Yuda?

Jibu la tatu ndilo zito, na nitaliheshimu. Mchungaji mmoja, mtu ninayempenda, aliniambia: "Mwalimu, injili ni habari njema, tusiwavute watoto kwa vitisho." Nakubaliana naye kwa neno moja moja. Anayetumia moto kumtisha mtoto ili aje kanisani anatenda dhambi, na michezo ya namna hiyo nayo ipo, na ningeipinga kwa kalamu hii hii. Lakini kutisha ni kitu kimoja na kusema kweli ni kitu kingine. Bunyan hakuliweka jitu njiani ili kumtisha msomaji. Aliliweka kwa sababu alikaa gerezani miaka 12 na alilijua kwa sura. Na habari njema inakuwa njema kwa nani, kama hapakuwa na habari mbaya kwanza?

Tena, atakayekisoma kitabu chenyewe kwa sikio atashangaa jinsi kilivyo tayari kuwa mchezo wa kusikiliza. Msafiri na mwenzake Tumaini wanafungiwa katika ngome ya jitu tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, bila chakula, bila maji, bila mwanga. Gizani! Redio inataka nini zaidi ya giza? Kisha msafiri anakumbuka kwamba kifuani mwake kuna ufunguo unaoitwa Ahadi. Mlango wa kwanza unafunguka, wa pili unafunguka, lakini kufuli la lango la chuma ni gumu mno, na lango linapofunguka linalia kwa kishindo mpaka jitu linaamka. Yote hayo ni sauti. Mpe mtoto bawaba yenye kutu na mnyororo wa baiskeli, atakufanyia ngome nzima. Mzigo nao uutafutie gunia la mahindi la kweli. Likidondoka chini ya msalaba, kaa kimya. Usiweke kinanda. Usimlete msimulizi. Mwache mtoto asikie ule ukimya wa mgongo uliopumzika.

Na lugha iwe ya watu. Soko la Ubatili liwe gulio, wachuuzi wakiita wateja, mmoja akiuza tangawizi ya Mamba na mwingine akiuza heshima ya mtu kwa bei ya jioni. Mashahidi wa uongo waseme kwa sauti tunazozijua, za watu tunaoamkiana nao kila siku. Bunyan alifanya hivyo hivyo: aliwapa watu wake usemi wa barabara na masoko aliyozunguka na vifaa vyake vya kuziba sufuria.

Ninachodai basi ni mambo machache. Asiyeweza kusimulia kifo cha Mwaminifu asiichukue hadithi hii. Ziko nyingine nyingi fupi na nyepesi, na hakuna aliyemlazimisha. Anayeichukua aifupishe atakavyo, kwa kuwa ni ndefu, lakini akate mawaidha kwanza kabla hajagusa hatari. Na aliyeandika "akasafiri kwenda mji mwingine" achukue kalamu, alifute neno hilo, aandike kwamba alikufa. Kisha aandike, kwa ujasiri ule ule, kilichofuata. Andiko lile tulilirudisha kwa wenyewe likiwa na alama zangu nyekundu, na watoto wa Bendera hawakutoa sauti zao. Siku litakapoletwa likiwa limesahihishwa, watazitoa bila malipo.