Jino Lizibwe, Lisingoje Koleo

Wahenga walitwambia kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Hatuwalaumu, kwani katika zama zao koleo ndilo lililokuwa tabibu pekee, na aliyeng'olewa akapata usingizi alishukuru. Lakini hekima ya babu zetu imegeuka kuwa udhuru wetu sisi. Mvuvi wa Kojani au wa Tumbatu aumwaye na gego huvumilia wiki nenda wiki rudi, akilitia karafuu na kumeza vidonge. Maumivu yakimshinda hupanda mashua, akashuka akapanda gari, akafika hospitali akiwa amekwisha poteza siku ya bahari na nauli ambayo ingelisha watoto. Hapo huambiwa kwamba amechelewa. Hupigwa sindano ya ganzi, jino likang'olewa, naye akarejea kwao na pengo.

Tunasema kwamba safari hiyo haikuwa ya lazima. Jino lile lilipokuwa na tundu dogo lisilouma, lingeweza kuzibwa katika kituo cha afya kilicho karibu naye, bila ya umeme, bila ya mashine, na aghalabu bila ya sindano. Hiyo si ndoto ya mwandishi wa gazeti. Ni ujuzi uliozaliwa Tanzania, ukapokewa na ulimwengu, na ambao mpaka leo haujamfikia kila Mtanzania anayeuhitaji.

Ili jambo hili lionekane vyema, natuvuke bahari hadi Morogoro, tusimame Kilakala. Kata hiyo ya Manispaa ya Morogoro imeegemea mguu wa milima ya Uluguru, na nchi nzima inaijua kwa skuli yake ya sekondari ya wasichana. Mkaazi wa Kilakala yu karibu na hospitali ya mkoa. Lakini akiinua macho huona vijiji vya Waluguru vilivyong'ang'ania mitelemko, ambavyo watu wake hushuka kwa njia za miguu wakiwa na ndizi na mboga vichwani. Kwa mkulima wa huko juu, kiti cha daktari wa meno ki mbali kama kilivyo kwa mvuvi wa Kojani. Huyu amezuiliwa na bahari, yule amezuiliwa na mlima, na wote wawili mwisho wao ni koleo.

Tena kuna jambo jingine linalotuunganisha. Mkoa wa Morogoro ni nchi ya sukari: huko ndiko kuliko Mtibwa na Kilombero. Nasi tuna Mahonda. Sukari imetupa kazi na chai tamu, na hatusemi kwamba miwa ing'olewe. Tunasema tu kwamba penye sukari nyingi na matunzo machache, meno ndiyo yanayolipa deni.

Mafunzo ya udaktari wa meno yalianzishwa Muhimbili mwaka 1979. Katika miaka iliyofuata wataalamu hawakukaa mjini kuwangoja wagonjwa. Katika Wilaya ya Morogoro walichunguza meno ya watoto wa miaka 7 hadi 13, wakafanya hivyo mwaka 1984, wakarudia mwaka 1986 na tena mwaka 1988. Uchunguzi wa namna hiyo katika sehemu mbali mbali za nchi ulifunua jambo lililo wazi hata leo: meno ya watoto wetu yaliyooza hayakuwa mengi kama ya watoto wa nchi tajiri, ila yale yaliyooza karibu yote yalibaki bila ya kuzibwa. Yaliachwa mpaka yaume, na yalipouma yaling'olewa.

Ni wakati huo, katikati ya miaka ya 1980, ndipo wataalamu waliokuwa Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walipokabiliwa na swali rahisi: jino litazibwaje katika kijiji kisichokuwa na umeme wala maji ya bomba? Keekee ya daktari wa meno inahitaji vyote viwili, na ikiharibika inahitaji fundi. Jibu lao lilikuwa kuiacha keekee yenyewe. Walitumia vyombo vya mkono tu: kioo kidogo cha mdomoni, patasi ndogo ya kupanua mlango wa tundu, na kijiko kidogo cha kukwangua sehemu iliyolainika kwa kuoza. Sehemu ngumu iliyo nzima huachwa. Kisha tundu hukaushwa kwa pamba na kuzibwa kwa saruji ya meno inayoshika jinoni. Kwa kuwa hukwanguliwa kile kilichokwisha kuoza tu, mara nyingi mgonjwa hahitaji ganzi, na mtoto aogopaye mlio wa mashine hukaa kwa utulivu.

Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliutangaza ujuzi huo kwa mataifa yote. Mwaka 2021 Shirika hilo liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vitu vitatu vya meno: dawa ya meno yenye floraidi, saruji ya meno inayotumika katika kazi hiyo, na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi ambayo hupakwa juu ya tundu ili uozo usimame, ingawa huliacha doa jeusi. Hapana haja, basi, ya afisa yeyote kuuliza kama mambo haya yamethibitishwa. Yamethibitishwa. Hata hivyo, watafiti walioandika mwaka 2009 kuhusu kliniki za Serikali huko Bara walikuta kwamba kung'oa ndiko kulikotawala. Mwana amesifiwa ugenini, na nyumbani hajapewa kiti.

Haifai kumdanganya msomaji kwamba vyombo vya mkono vinamaliza kila kitu. Kazi hiyo hufaa zaidi kwa tundu dogo lililo upande mmoja wa jino. Uozo ukifika kwenye kiini, penye mshipa wa fahamu, jino huhitaji matibabu ya mzizi, na hayo hutaka daktari, picha na muda. Fizi zinazotoka damu kila mtu apigapo mswaki, nazo huhitaji meno yasafishwe na ugaga uondolewe kwa mkono wa mtaalamu, na mwenye kisukari asilichelewe jambo hilo kwani maradhi hayo mawili huchocheana. Tena yako meno ambayo hayana budi kung'olewa. Mtu aliyevimba chini ya taya, akapata homa na kushindwa kumeza, asikae nyumbani hata usiku mmoja, kwani usaha wa jino umewahi kuua.

Na karafuu je? Sisi watu wa visiwa tunaijua kuliko wengine wote, na haikosei. Mafuta yake hutuliza jino kweli, hata madaktari huyachanganya na unga wa zinki kufanya kizibo cha muda. Lakini kutuliza si kutibu. Mwenye kutia karafuu akapata nafuu, akaahirisha safari ya kwa tabibu, amenyamazisha kengele na kuuacha moto.

Bora kuliko kuziba ni kutokufika kwenye kuziba. Vijidudu vya mdomoni hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulila jino. Mate hulitengeneza tena jino yakipewa nafasi. Kwa hiyo ubaya mkubwa umo katika mara nyingi tunazokula sukari kutwa. Mtoto anywaye chai tamu pamoja na mlo wake ana nafuu kuliko yule atafunaye pipi na ubuyu wa sukari tangu asubuhi hadi magharibi, kwani huyu wa pili hayapi mate yake hata saa moja ya kufanya kazi. Anayesimamia skuli na kuruhusu vibanda vya pipi mlangoni pake ajue kwamba anafundisha masomo mawili kwa wakati mmoja.

Kuhusu mswaki, tunao wetu wa mti, ambao umehimizwa na dini na kutumika vizazi kwa vizazi. Ukitumiwa kwa makini husafisha vizuri, na asiwepo mtu wa kuudharau. Tunaongeza jambo moja tu: floraidi ndiyo inayolipa jino nguvu ya kupinga tindikali, na njia rahisi ya kuipata ni dawa ya meno. Mtu na apige mswaki mara mbili kwa siku, mara moja kabla ya kulala, ateme povu wala asisukutue kwa maji mengi. Mtoto mdogo hutosha na chembe kama ya mchele, na afikapo miaka mitatu, kiasi cha punje ya njegere.

Liko jino moja ambalo wazazi wengi hulipoteza bila ya kujua. Mtoto afikapo kiasi cha miaka sita huota gego nyuma ya meno ya utoto, pasina jino lolote kung'oka. Mzazi hulidhani ni jino la utoto, akasema, "Hata likioza litatoka tu." Kumbe hilo ni jino la ukubwani, ambalo mwanadamu hupewa mara moja. Mifereji yake ni ya kina, na chakula hujificha humo. Saruji ile ile tuliyoitaja, ikishindiliwa kwa kidole juu ya mifereji hiyo mapema, hulikinga lisioze. Mtoto anayeingia Darasa la Kwanza, basi, yumo katika umri hasa unaofaa.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye malaria, upungufu wa damu na vifo vya wazazi haina nafasi ya kushughulikia meno. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tungedai mashine za fedha nyingi katika kila kijiji. Hatudai hivyo. Tunadai sanduku dogo la vyombo vinavyochemshwa na kutumika tena, saruji, na mtu aliyefunzwa. Tena mtoto anayeumwa na jino hali, halali wala hasomi, na mvuvi anayeumwa haendi baharini. Hasara hiyo haiandikwi katika daftari la hospitali, lakini ipo.

Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, wito wetu tunaupeleka kwa wizara mbili. Wizara ya Afya ya Zanzibar na ile ya Bara kila moja ihakikishe kwamba vyombo vya mkono na saruji ya meno vimo katika mahitaji ya kawaida ya vituo vya afya, wala visingoje msaada wa wafadhili. Matabibu wa meno wapewe ratiba ya kuvifikia visiwa vidogo na vijiji vya milimani kwa siku zinazojulikana, na masheha na wenyeviti wa vijiji wazitangaze siku hizo mapema. Kila mtoto wa Darasa la Kwanza achunguzwe yale magego yake manne ya kwanza, yakingwe au yazibwe. Wenye mamlaka ya kodi na ya viwango watazame bei ya dawa ya meno yenye floraidi, na wahakikishe kwamba iliyoandikwa kuwa ina floraidi inayo kweli.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mwaka 1973, huko Bara, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vijiji vikachimba vyoo kwa nguvu zao wenyewe. Watu waliofanya hayo hawashindwi kujifunza habari za meno. Ianzwe kwa kuikomesha dhuluma ya "meno ya plastiki", ambapo mtoto mchanga mwenye homa au kuharisha hupasuliwa ufizi na kutolewa vichipukizi vya meno yake kwa chombo kichafu. Hakuna maradhi ya jina hilo. Kuna mtoto mgonjwa anayehitaji kupelekwa kituoni, na anayeweza kufa kwa kidonda alichotiwa na watu wazima.

Wahenga hao hao waliosema habari ya kung'oa walisema pia kwamba jino la pembe si dawa ya pengo, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Misemo hiyo miwili tunaiona inafaa zaidi kwa zama hizi. Mtoto wa Kilakala na mtoto wa Kojani wataota gego lao la kwanza mwaka huu au mwakani. Serikali na wazazi wanao muda wa kuamua kama gego hilo litawafikisha uzeeni, au litaishia katika bakuli la hospitali kabla hawajabaleghe.