Barazani kwa Karani: Kaitaba ya Zamani na Nauli ya Watu Wawili

Leo sina habari za kahawa wala za karo za shule. Leo nataka tuzungumze habari za mpira. Najua wako akina mama ambao wakiliona neno mpira hufunua ukurasa mwingine mara moja. Hao nawaomba wanivumilie kidogo, maana safari yangu ya leo haiishii golini.

Juma lililopita nilikuwa nimekaa ofisini mwangu nikiandika daftari la ubatizo, na nje barazani vijana watatu walikuwa wakingoja mvua ipungue. Wakaanza kuzungumza habari za Kagera Sugar, timu yetu iliyoshuka daraja mwaka 2025 baada ya kukaa Ligi Kuu karibu miaka 20. Mmoja akauliza, "Je, mtakwenda tena Kaitaba?" Mwenzake akacheka, akasema, "Kaitaba kufanya nini? Timu hiyo mimi siijui."

Nikainua kichwa, maana sauti ile naifahamu. Kijana yule nilimwona kwa macho yangu, katika siku za furaha, amevaa jezi ya timu ile ile, anapiga ngoma uwanjani kana kwamba ngoma imemkosea. Nikataka kutoka nje nimtahayarishe mbele ya wenzake. Lakini sikutoka. Neno lile "siijui" lilinichoma mimi kabla ya kumchoma yeye, kwa sababu neno la namna ile nimewahi kulisema mimi mwenyewe, mle mle Kaitaba, wala sikulisema juu ya timu. Nimelificha miaka mingi. Leo nitawaambia.

Kwanza niwaeleze Kaitaba ilivyokuwa. Ninyi mnaoijua Kaitaba ya sasa, yenye nyasi za bandia zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, ambazo hazikui wala hazikauki, hamjui sisi tulikuwa na uwanja gani. Kaitaba ya zamani ilikuwa na nyasi zilizoota ardhini kama nyasi zote za Mungu, nao ulikuwa uwanja wa mvua. Mnajua mji wa Bukoba ni mmojawapo wa miji inayopata mvua nyingi sana Tanzania, kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ikinyesha asubuhi, mchana mbele ya magoli palikuwa tope tupu. Mshambuliaji alikuwa anakimbia na mpira, ghafla mpira unasimama dimbwini, yeye anaendelea mbio peke yake hatua tano sita, kisha anageuka kuutafuta. Watu walicheka hata wakashikana mabega. Timu zilizotoka mikoa ya jua kali ziliteleza kama watu waliovaa sabuni miguuni, na sisi tukasema kwamba mvua nayo ni mchezaji wetu wa kumi na mbili.

Watazamaji wenye miavuli walijifunika miavuli, na wasio nayo walijifunika majani ya migomba. Mtu usiyemjua alikuvuta chini ya jani lake bila kukuuliza unashangilia upande gani. Na wazee walikuwako, wanaume waliokumbuka siku za RTC Kagera na Balimi, ambao kila mchezaji mpya alipokosa goli walitikisa kichwa wakasema kwamba vijana wa siku hizi wanakula vizuri lakini hawajui kupiga mpira.

Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao. Sisi ni watu wa upande wa Kamachumu, wilaya ya Muleba, na baba ni mkulima wa ndizi na kahawa, hakusoma sana. Karibu watu wote wa kijijini kwetu walikuwa Simba au Yanga, nami nikiwamo. Baba peke yake alisema, "Mimi ni wa Kagera Sugar." Nilipomwuliza sababu, alinieleza habari za vita. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1978, yaliharibu na kupora mali ng'ambo ya mto Kagera, hata kiwanda cha sukari hakikupona. Baba akasema, "Watu waliorudi wakakuta mahali pao pamevunjwa, kisha wakapasimamisha tena hata wakaunda na timu, hao nawashangilia hata wakifungwa." Kwangu mimi mtoto maneno hayo hayakuwa na maana. Nilitaka timu inayoshinda.

Basi, mwaka 2006 nilikuwa darasa la sita. Mwaka huo wengi wenu hamwezi kuusahau, kwa sababu ndio mwaka ule ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoonekana mara ya kwanza katika nchi yetu, nao ulianzia kwetu Muleba. Baba alikata migomba mingi kwa mkono wake mwenyewe, akaichimbia chini, na jioni alikaa bila kusema neno. Nyumbani tukaanza kula mihogo siku ambazo zamani tulikula ndizi. Hata hivyo baba alikuwa ameniahidi kwamba nikifanya vizuri katika mtihani atanipeleka Kaitaba, nami nilifanya vizuri. Mama akasema safari na ingoje. Baba akajibu kwamba mtoto haelewi mnyauko, ila ahadi anaielewa. Akauza kahawa ya maganda aliyokuwa ameiweka akiba, akatenga fedha ya nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, akaifunga katika kitambaa.

Tulitoka kabla ya mapambazuko, tukashuka kwa miguu mpaka Muhutwe kwenye barabara kuu, tukapanda gari kwenda Bukoba. Siku ile ilikuja timu moja kubwa ya Dar es Salaam. Nisiitaje jina, msije mkanigombeza njiani. Uwanja ulijaa, na ajabu ni kwamba watu wetu wenyewe, Wahaya kwa Wahaya, wengi walikuwa wakiwashangilia wageni.

Nikajipenyeza mbele, nikakutana na watoto wa mjini wa umri wangu. Walikuwa na viatu vizuri na vitambaa vya timu ya wageni shingoni. Wakanipa kitambaa kimoja nikakivaa, nikajiona mtu. Nyuma yetu baba alikuwa amesimama na mabuti yake ya mvua yenye tope la Kamachumu, na koti lake la siku zote, anawaita wachezaji wa Kagera Sugar kwa Kihaya, kwa sauti kubwa, kana kwamba anaita ng'ombe watoke shambani mwa mtu. Watoto wale wakaanza kumcheka. Mmoja akaniuliza, "Yule mzee wa mabuti, si nilikuona umeingia naye?"

Nikasema, "Simjui."

Nilipogeuka, baba alikuwa amekwisha kusogea karibu, amenyoosha mkono, na mkononi ameshika karanga ndani ya karatasi alizoninunulia. Hakusema kitu. Alinipa karanga zile, akarudi mahali pake. Punde wageni wakatia goli, nami nikaruka pamoja na wale watoto. Nilipotua chini nikamtazama. Alikuwa anawapigia makofi vijana wake waliofungwa, polepole, peke yake.

Jioni tulipanda gari la kurudi. Kwa aibu niliketi mbali naye, kiti cha nyuma. Konda akaja kudai nauli, akanishika bega, akauliza kwa ukali, "Mtoto huyu ni wa nani?" Watu wakageuka kunitazama. Nami sikuwa na ulimi. Baba akasema kutoka mbele, "Ni wangu." Akafungua kitambaa chake, akalipa ya watu wawili.

Kutoka Muhutwe tulipanda mlima gizani. Neno moja tu alisema njia nzima, nalo ni hili: "Angalia, hapo pana shimo."

Wasomaji wapenzi, miaka ikapita. Nikasoma sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, na huko walinifundisha namna ya kumwadhibu mtoto anayesema uwongo. Kila nilipoliandika somo hilo nilimwona baba na karanga zake. Lakini sikuwa na ujasiri wa kulitaja.

Nayo Kaitaba ikabadilika. Ilipokuwa ikitandikwa nyasi za bandia, timu ikawa inapokea wageni wake katika viwanja vya mikoa mingine, mbali na watu wake. Ligi ikarudi Bukoba mwaka 2016. Mwaka huo huo, Jumamosi tarehe 10 Septemba, likatupata tetemeko la ardhi lililoua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi. Kesho yake marehemu waliagwa Kaitaba. Baba alikwenda. Aliporudi akaniambia kwamba watu walisimama pale pale wanaposimama siku za mpira, na hapakuwa na upande wa wageni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2022, ndege ilipoanguka ziwani tarehe 6 Novemba wakafa watu 19. Wao nao waliagwa Kaitaba. Ndipo nilipofahamu kwamba mzee yule hakuwa akipenda uwanja kwa sababu ya magoli tu.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, Jumapili tarehe 2 Aprili 2017. Simba walikuja Bukoba wakiwa wanautafuta ubingwa kwa nguvu zote, na kocha wetu alikuwa Mecky Maxime. Baada ya Misa nilimchukua baba, safari hii nauli nililipa mimi. Alipoziona nyasi zile mpya alizitazama sana, kisha akasema, "Zinapendeza. Lakini ng'ombe angekufa njaa hapa." Siku ile Kagera Sugar ilishinda magoli 2 kwa 1. Baadaye yakazuka maneno mezani juu ya kadi za njano za mchezaji mmoja, pointi zikapewa Simba, kisha wakanyang'anywa. Na mwisho wa msimu Yanga wakawapita Simba kwa tofauti ya magoli tu. Lakini hayo ni ya mezani. Uwanjani tulikuwa tumeona.

Watu walipokuwa wakishangilia, mimi nilikuwa natetemeka. Nikamwambia sikioni, "Tata, unakumbuka mwaka ule wa mnyauko? Kuna neno nililisema hapa."

Akajibu bila kunitazama, "Nilisikia."

"Nisamehe."

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Nauli niliyofunga ilikuwa ya watu wawili. Ya mmoja ningeipeleka wapi?" Kisha akanyosha kidole uwanjani, akasema kwamba beki wetu wa kushoto amechoka, sharti atolewe. Hayo ndiyo maungamo yangu, na hiyo ndiyo maondoleo niliyopewa na mzazi wangu.

Basi, nisiwachoshe. Watu husema, karani, timu imeshuka, Kaitaba ina nini tena? Nami nasema, hata mgomba ukiugua hatuhami kijiji. Tunakata, tunachimbia, tunapanda tena. Kushangilia timu inayoshinda ni kazi rahisi, hata mtoto wa miaka 12 aliye na kitambaa cha kuazima aweza kuifanya. Wala sisemi ni dhambi kuipenda timu ya Dar es Salaam, la. Ninachokisema ni hili tu: usimkane aliye wako kwa sababu amefungwa, au kwa sababu mabuti yake yana tope. Tope lile ndilo lililokusomesha.

Na ninyi wazazi, mkipata nafasi, pelekeni watoto wenu uwanjani, hata kiwe kiwanja cha kijiji chenye magoli ya miti. Siku hizi kijana wetu hukaa na simu yake akicheza kamari juu ya timu za Ulaya, asiyoijua hata rangi ya ardhi yake. Uwanjani atasimama kando yako. Huenda atakuonea haya, kama nilivyofanya mimi. Lakini atakumbuka nani alimlipia.

Mvua ilipopungua nilitoka barazani. Yule kijana alikuwa bado yupo. Sikumtahayarisha. Nilimwuliza tu kama ile jezi yake bado anayo. Akainama, akatabasamu, akasema, "Iko nyumbani, mama anaivaa akienda shambani." Nikamwambia amwombe mama amrudishie, maana mechi nyingine itakapochezwa Kaitaba mimi nakwenda na baba, ijapokuwa sasa macho yake yamefifia na itanibidi nimsimulie mpira unakokwenda. Nimekwisha kutenga nauli. Ni ya watu wawili, lakini kwa kijana yule nimeongeza ya tatu.

Mbaki salama mpaka juma lijalo.

Ni mimi, Karani wenu.