Vishikwambi vinaoza stoo, mwalimu anaambiwa ajilipie mafunzo

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi huku Longonot aliniita nikamwangalizie vishikwambi. Mimi hutengeneza simu pembeni, ufundi niliojifunzia YouTube baada ya kuacha chuo mwaka wa pili. Alifungua stoo, tukasogeza magunia ya mahindi na madawati yaliyovunjika, tukafikia maboksi. Nilijaribu vishikwambi 20. Vilivyowaka ni vitano. Vingine bateri ilikuwa imevimba hadi kioo kikainuka.

Nilimuuliza, “Mwalimu, hivi vilitumika mwisho lini?” Akacheka kidogo. “Kijana wangu, mimi nilipelekwa semina ya siku tatu, nikarudi na cheti. Cha kwanza kilipozima, sikuwa na mtu wa kumpigia simu.”

Hilo jibu ndilo tatizo lote. Serikali yetu inajua kununua vifaa. Haijajifunza kumlipia mtu wa kuvitumia.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2013 Jubilee iliingia mamlakani na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ilifutwa baada ya mvutano. Vifaa vilianza kufika shuleni mwaka 2016, safari hii vikiwa vishikwambi, kupitia Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao wa kigeni. Kufikia 2019 zaidi ya vifaa milioni 1 vilikuwa vimesambazwa katika shule zaidi ya 21,000 za umma. Stima nayo ilivutwa hadi shule ambazo hazikuwa zimewahi kuona taa. Tuseme ukweli, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Kisha Machi 2020 corona ikafunga shule. Kama kuna wakati vifaa hivyo vilihitajika, ni huo. Lakini watoto wengi wa mtaani walifuata masomo kwa redio na runinga, kama kwao zilikuwepo. Wengine hawakusoma chochote. Vishikwambi vilibaki vimefungiwa shuleni.

Na mwalimu je? Septemba 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilizindua mpango wa mafunzo endelevu, TPD. Haukuwa wa teknolojia pekee, lakini angalia masharti: mwalimu alipe Sh6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vilipiga kelele, na vilikuwa na haki. Mwishoni mwa 2022 walimu wakaanza kugawiwa vishikwambi vyao. Vilitoka wapi? Ni vile vilivyotumika kuhesabu watu kwenye sensa ya 2019. Yaani kwa kifaa kipya cha mtoto kulikuwa na mabilioni, lakini mwalimu alipewa mitumba ya sensa na bili ya mafunzo.

Kuna wasee watasema walimu ni wavivu, hawataki mambo ya kisasa. Hebu tupige hesabu. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni Sh1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 300 ikipata zote bila kucheleweshwa, ni Sh426,000 kwa mwaka mzima. Hapo kuna chaki, vitabu, stima, maji, mitihani na choo kilichoziba. Mwalimu mkuu akibaki na shilingi chache atabadilisha bateri 15 au atatengeneza choo? Hata wewe ungechagua choo.

Wala si kwamba hatujui njia. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulifanya kinyume. Mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe. Mwalimu alipewa mwongozo na mafunzo ya kurudiwarudiwa. Kishikwambi kilipewa afisa wa elimu anayezunguka madarasani, aketi, aangalie mwalimu anavyofundisha, kisha amshauri. Watoto wa madarasa ya chini wakasoma vizuri zaidi. Vifaa vilikuwa vichache, mafunzo yakawa mengi.

Na sisi wa Longonot tuna ushahidi wetu hapa hapa. Mwaka 1970 palifunguliwa kituo cha setilaiti karibu na mlima huu, kikaunganisha simu za Kenya na dunia. Hakuna aliyenunua dishi kubwa kama lile akaliacha kichakani lijiendeshe. Liliwekewa wahandisi, mafundi, mishahara na vipuri. Mbona darasa la mtoto tunalifanyia kinyume?

Kwa hivyo kabla ya zabuni nyingine ya vifaa, haya yafanyike. Kwanza, kila bajeti ya kishikwambi iwe na fungu lake la mafunzo na ukarabati, lililoandikwa wazi na lisiloguswa. Pili, mafunzo yalipiwe na serikali, yafanyike wakati wa likizo, karibu na shule, na yarudiwe kila mwaka. Tatu, kila zoni iajiri fundi. Vijana waliosomea kompyuta kwenye vyuo vya kiufundi wamejaa Naivasha na Nakuru, wanashinda wakituma CV na kula bando. Wapeni hiyo kazi. Nne, wizara itangaze shule kwa shule ni vifaa vingapi bado vinafanya kazi, siyo vingapi viligawiwa.

Vile vitano vilivyowaka tulivichaji siku hiyo hiyo. Nilikaa na mwalimu kama saa moja, nikamwonyesha jinsi ya kufungua masomo yaliyomo na jinsi ya kukiwasha upya kikikwama. Alinitumia ujumbe jioni: watoto walikuwa kumi kumi kwa kila kishikwambi, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Saa moja tu, bila zabuni. Sasa mbunge wako akija shuleni kukata utepe wa vifaa vipya, usipige makofi kwanza. Muulize nani amefundishwa kuvitumia, na nani atalipwa vikiharibika.