Mimea ya Kufunika Udongo Kivulini

Chini ya mwembe au mparachichi ulio nyuma ya nyumba, mara nyingi hukutwa udongo mtupu. Mama wa nyumba hupanda nyasi kila masika, na kila kiangazi nyasi hizo hufa. Kosa si la mkono wake. Nyasi nyingi za bustani hutaka jua, na mti mkubwa huzinyima mwanga na maji pia.

Katika nyumba zilizojengwa miteremkoni, kama zile za vitongoji vya juu vya Bujumbura, jambo hili si la urembo tu. Mvua ikinyesha kwa nguvu, udongo usio na kifuniko huchukuliwa na maji, mizizi ya mti hubaki wazi, na tope huishia uani kwa jirani.

Dawa yake ni mimea mifupi iliyozoea kivuli na ambayo majani yake hudumu mwaka mzima. Wa kwanza ni klorofitamu, ambao asili yake ni Afrika. Majani yake ni membamba kama utepe, na mizizi yake minene huhifadhi maji. Huzaa vichipukizi kwenye ncha za vikonyo virefu, navyo vikigusa ardhi hushika mizizi. Penye unyevu mwingi, kangaga hufaa zaidi.

Tradeskantia ya milia, iliyotoka Meksiko, huenea upesi kuliko hiyo yote. Lakini ni mgeni asiyejua mipaka. Utomvu wake huweza kuwasha ngozi, na kipande kidogo cha shina chatosha kuota. Kwa hiyo mabaki yake yasitupwe mtoni wala porini.

Kazi ya kupanda ianze mvua zinapoanza, mwezi wa Septemba au Oktoba. Udongo ulegezwe juu juu tu, mizizi ya mti isije ikakatwa, kisha utiwe mboji. Miche ipandwe kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30, kwa mistari inayokata mteremko, ili maji yapunguzwe mwendo. Udongo usirundikwe kwenye shina la mti, kwani gome huoza. Magugu yang'olewe kwa mkono mpaka mimea ikutane, na kiangazi cha kwanza, Juni hadi Agosti, imwagiliwe jioni.

Mimea ikishakutana, majani yaangukayo mtini yaachwe palepale yawe mbolea, na ufagio upumzike.